Nchi isiyo na bahari maana yake nini hasa? Tuangalie Laos na Vietnam

Nchi isiyo na bahari ni ile ambayo imezungukwa na ardhi za wenzake pande zote, yani hakuna hata sehemu moja ambapo meli inaweza kutia nanga ikashusha mzigo bila kupitia kwa jirani. Uganda, Rwanda na Burundi ziko hivyo, na mtu wa Kampala aliyeagiza gari Japan anajua kwamba likishafika Mombasa bado hela haijaisha kutoka. Ila mfano unaoelezea hii kitu vizuri kuliko yote kwangu mimi uko Asia, Laos na Vietnam, maana hawa wamefanana mno.

Wote walitawaliwa na Mfaransa, wote wakapigwa mabomu na Marekani, 1975 vita ikaisha na wakomunisti wakashika nchi nzima huku na huku, halafu 1986 wote wawili wakaamua kulegeza uchumi, biashara binafsi iruhusiwe ila chama kibaki kimoja. Sasa angalia leo. Vietnam kipato kwa kichwa kimepita dola 4,000 kwa mwaka na Laos iko kwenye nusu ya hapo. Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa nyuma ya Brazil, na Samsung inatengeneza sehemu kubwa ya simu zake kule Bac Ninh na Thai Nguyen.

Ukifungua ramani utaona Vietnam ni nyembamba, ndefu, ina pwani ya zaidi ya kilomita 3,200, kwa hiyo kiwanda ukikiweka karibu popote bandari haiko mbali. Nyuma yake kuna safu ya milima ya Truong Son, na Laos iko upande wa pili wa hiyo milima, yenyewe ikiwa milima mitupu sehemu kubwa.

Mtu atauliza, si wana mto Mekong na unaenda mpaka baharini? Unaenda kweli, ila kusini kabisa mwa Laos, mpakani na Kambodia, kuna maporomoko ya Khone na meli haipiti pale. Wafaransa waliutaka sana huo mto uwe njia yao ya kwenda China, mpaka wakajenga kareli kadogo visiwani ili wavushe mizigo na hata meli zenyewe juu ya maporomoko, na bado haikuwa njia ya maana ya biashara.

Kwa hiyo mzigo wa Vientiane, mji mkuu wa Laos, mwingi unapita Thailand mpaka bandari ya Laem Chabang. Desemba 2021 Laos ikafungua reli mpya kutoka Boten mpakani na China mpaka Vientiane, kilomita zaidi ya 400, imegharimu kama dola bilioni 6. Sasa pale bandari kavu ya Thanaleng, nje ya Vientiane, utaona shida yenyewe kwa macho: reli ya Kichina ina upana wa milimita 1,435 na ya Thailand ni 1,000, treni haiwezi kuendelea, inabidi kreni inyanyue kontena moja moja kutoka treni hii kwenda ile, na kila kunyanyua ni hela na ni muda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982 unazipa nchi hizi haki ya kupitisha mizigo kwa jirani, sawa, lakini haki haipunguzi nauli, na masharti ya kupita unakubaliana na huyo huyo jirani.

Ila tusiisingizie bahari kila kitu. Vietnam ina watu milioni 100, Laos kama milioni 7 na nusu, hilo soko ni tofauti kabisa. Halafu Laos ilimwagiwa mabomu zaidi ya tani milioni 2 kati ya 1964 na 1973, mengi hayakulipuka na mpaka leo yanaua wakulima na watoto mashambani, na hili linaniuma kwa sababu halitajwi sana.

Walichofanya Laos, na mimi nakiona ni cha akili, ni kuuza kitu kisichohitaji bandari: umeme. Mabwawa kama Nam Theun 2 na Xayaburi yanapeleka umeme Thailand kwa waya tu. Shida ni kwamba mabwawa na reli vimejengwa kwa mikopo, mingi ya China, shilingi yao, yani kip, ikaporomoka na mwanzoni mwa 2023 mfumuko wa bei ukapita asilimia 40.

Bahari iliyo karibu zaidi na Vientiane iko Vietnam, bandari ya Vung Ang, na Laos imenunua hisa hapo na ina mpango wa reli ya kama kilomita 550 kukatiza ile milima, ila hela ya kuijenga ndo bado inatafutwa.