Mbona Bingwa Ameshuka? Orodha ya Tenisi Ilikotoka na Inavyohesabiwa

Karibu kila Jumatatu orodha mpya ya wachezaji bora wa tenisi duniani hutoka, na jioni yake, hapa Mombasa ninapofundisha watoto, swali huwa lile lile. Mzazi kashika simu, kaona jina la mchezaji ampendaye limeporomoka nafasi kumi, na wiki nzima iliyopita mchezaji huyo hakushika hata raketi. "Mwalimu, huyu kakosa nini?" Hakukosa kitu. Pointi zake zimetimiza mwaka, zimefutwa.

Nataka nilieleze jambo hili mpaka mwisho, kwa sababu wapo wazazi wanaopanga maisha ya watoto wao kwa kuitazama orodha hii, na wanaisoma vibaya. Wanaiona ni cheti cha kuonyesha nani fundi kuliko nani. Orodha ilitengenezwa kwa kazi nyingine kabisa: kuamua nani aingie mashindanoni na nani abaki nje. Ukilishika hilo, mengine yanajieleza. Na ili ulishike vizuri yabidi turudi nyuma, maana swali la nani aingie limeuandama mchezo huu tangu kuzaliwa kwake.

Ulizaliwa ndani ya kuta. Karne ya 12 huko Ufaransa watawa waliucheza katika nyua za monasteri, wakiupiga mpira kwa kiganja ukagonga ukuta na paa na kurudi. Raketi zilikuja kushika kasi karne ya 16. Wafalme wakaupenda kupita kiasi: Louis wa 10 wa Ufaransa alifariki mwaka 1316 baada ya mchezo mkali huko Vincennes, na husimuliwa kwamba alikunywa divai ya baridi mwili ungali moto. Henry wa 8 wa Uingereza aliucheza Hampton Court, na mpaka leo pale pana uwanja wa mchezo ule wa kale. Tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa bunge la Ufaransa waliokuta ukumbi wao wa mkutano umefungwa kule Versailles walihamia kwenye uwanja wa tenisi wa kifalme, wakala kiapo cha kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba. Uwanja wa mchezo wa wafalme ukawa mahali pa kuwapinga wafalme.

Kilichoutoa mchezo ndani ya kuta ni mpira wenyewe. Mipira ya zamani ilikuwa ya ngozi iliyoshindiliwa sufu au nywele. Juu ya sakafu ngumu ilidunda, juu ya nyasi ilikufa. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza ya kupika utomvu wa mpira pamoja na salfa, na hapo kikapatikana kitu chenye kuruka hata nyasini. Mashine ya kukata nyasi ilikwishabuniwa na Edwin Budding mwaka 1830. Vitu viwili hivyo vilipokutana, bustani ya Mwingereza tajiri ikageuka uwanja.

Wanafunzi wangu wapya huwafanyia jaribio dogo kabla sijawafundisha hata kushika raketi. Sheria inataka mpira ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya saruji urudi kati ya sentimita 135 na 147. Tunachora mistari ya chaki ukutani, mtoto anapanda ngazi, anauachia. Mpira uliotoka koponi sasa hivi unafika kwenye chaki bila shida. Ule uliolala mfukoni siku nyingi, ukala joto na unyevu wa pwani hadi manyoya yakavimba, unaishia chini ya mstari kwa upana wa kiganja. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake anaelewa kwa nini jioni ya kusi, hewa ikiwa nzito, mkono unamuuma mapema kuliko alivyotarajia.

Waingereza walianza kujaribu mchezo wa nyasini kabla haujapata jina moja. Harry Gem na rafiki yake Mhispania, Augurio Perera, waliucheza Birmingham katika miaka ya 1860. Kisha Februari 1874 Meja Walter Clopton Wingfield akapewa hataza ya mchezo wake, akawa anauuza ndani ya sanduku: neti, raketi, mipira na kijitabu cha sheria. Uwanja wake ulibanwa katikati na kupanuka pande zote mbili. Sijutii kwamba umbo hilo halikudumu.

Halafu likaja rola. Klabu moja ya Wimbledon iliyoanzishwa kwa mchezo wa kroketi ilikuwa na rola ya kusawazisha nyasi, inayovutwa na farasi mdogo, na ilihitaji fedha za kuitengeneza. Mwaka 1877 wakatangaza mashindano ya tenisi kwa wanaume. Waliojitokeza ni 22, na Spencer Gore akatwaa ubingwa. Kwa ajili ya mashindano yale kamati ilikaa na kuandika sheria upya, na uwanja ukawa mstatili wa futi 78 kwa 27, yaani mita 23.77 kwa 8.23. Vipimo hivyo ndivyo vya mchezo wa mmoja kwa mmoja hadi leo, Wimbledon, Nyali au popote pale. Wanawake walianza kushindana pale mwaka 1884, na Maud Watson akawa bingwa wao wa kwanza.

Wimbledon ni mojawapo ya mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Mengine matatu nitayapitia haraka. Ya Marekani yalianza 1881 huko Newport. Yamechezwa kwenye nyasi, kisha udongo, kisha uwanja mgumu kuanzia 1978, na Jimmy Connors aliyashinda juu ya aina zote tatu. Ya Ufaransa yalianza 1891, lakini hadi 1925 yalikuwa ya wanachama wa klabu za Ufaransa tu. Uwanja wa Roland Garros, wenye udongo wake mwekundu, ulijengwa 1928 na kupewa jina la rubani wa vita. Ya Australia yalianza 1905 na yalihama kutoka nyasi mwaka 1988. Kuyashinda yote manne ndani ya mwaka mmoja ni jambo adimu mno. Kwa wanaume ni Don Budge mwaka 1938 na Rod Laver aliyefanya hivyo mara mbili, 1962 na 1969. Kwa wanawake ni Maureen Connolly 1953, Margaret Court 1970 na Steffi Graf 1988, ambaye mwaka huo huo aliongeza dhahabu ya Olimpiki.

Tazama pengo kati ya Laver wa 1962 na Laver wa 1969. Miaka mitano kati ya hiyo hakuruhusiwa kukanyaga mashindano hayo makubwa, naye yuko katika ubora wake. Kosa lake ni kulipwa. Mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, na ridhaa maana yake ulihitaji kuwa na mali yako au kupewa bahasha chini ya meza. Klabu za zama za Waingereza huku kwetu zilifuata desturi hiyo hiyo kwa ukali zaidi: Mzungu anacheza, Mwafrika anaokota mipira. Mwaka 1968 mlango ukafunguliwa kwa wa kulipwa, kuanzia mashindano ya Bournemouth, Uingereza, mwezi Aprili. Mwaka huo huo Arthur Ashe, mtu mweusi, akashinda mashindano ya wazi ya Marekani akiwa bado amesajiliwa kama wa ridhaa. Dola 14,000 za ubingwa hazikumwendea. Zilimwendea Tom Okker, aliyeshindwa fainali. Huyo Ashe ndiye aliyemwona kijana Yannick Noah kule Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971, na Noah akaja kuwa bingwa wa Roland Garros mwaka 1983.

Mlango ulipofunguliwa, swali likabaki: wa kulipwa ni wengi, nafasi ni chache, nani achaguliwe? Waandaaji walichagua kwa majina. Mwenye sifa alialikwa, kijana anayepanda aliachwa hata kama angemchapa mwenye sifa. Wachezaji wa kiume wakaanzisha chama chao, ATP, mwaka 1972, na tarehe 23 Agosti 1973 wakatoa orodha ya kwanza iliyopigwa kwa kompyuta. Ilie Năstase wa Romania alikuwa wa kwanza. Wanawake waliunda WTA mwaka 1973 wakiongozwa na Billie Jean King, na orodha yao ikatoka Novemba 1975, juu kabisa akiwa Chris Evert. Mimi naihesabu siku ile ya Agosti kuwa kubwa kuliko fainali nyingi tunazozikumbuka. Kwa mara ya kwanza mchezaji asiyejulikana angeweza kumwambia mwandaaji: nafasi yangu ni hii, niingize.

Sasa hesabu zenyewe. Bingwa wa mojawapo ya yale manne hupata pointi 2,000. Chini yake kuna mashindano ya 1,000, ya 500 na ya 250, kila moja likitajwa kwa pointi za bingwa wake. Pointi hizo ni kama bando la simu: siku zikiisha linaondoka, uwe umelitumia au hujalitumia. Zinakaa wiki 52. Mashindano yale yale yakirudi mwaka unaofuata, pointi za zamani zinatoka na mpya zinaingia. Tuseme mwaka jana ulikuwa bingwa wa Wimbledon. Mwaka huu umefika fainali ukashindwa, ukapata 1,300. Umewapita watu 126 kati ya 128, na bado umepungukiwa pointi 700.

Emma Raducanu ndiye mfano ninaoutumia siku zote. Mwaka 2021 aliingia mashindano ya Marekani kupitia mechi za kufuzu, akiwa nafasi ya 150 duniani. Alishinda mechi kumi mfululizo bila kupoteza hata seti moja, yaani kipande kimoja cha mechi, akatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata alitolewa raundi ya kwanza, na kutoka nafasi ya 11 akatumbukia ya 83 kwa mpigo. Hakusahau tenisi ndani ya usiku mmoja. Novak Djokovic alikumbwa na jambo la ajabu zaidi mwaka 2022: Wimbledon ilikuwa imewazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi, ATP na WTA zikajibu kwa kutotoa pointi, yeye akatetea ubingwa wake, na Jumatatu akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7.

Hapo mwanzo orodha ilihesabiwa kwa wastani, pointi zikigawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza. Aliyekuwa juu aliogopa kucheza asije akajiharibia. Kwa wanaume, tangu 1990 huchukuliwa matokeo yako bora ya mwaka, kwa idadi maalum. Ni nafuu kwa watazamaji. Lakini mimi nauona mfumo huu ukimpendelea mwenye nauli. Anayeweza kusafiri kila wiki ana nafasi nyingi za kuokota matokeo mazuri na kuyasahau mabaya. Kijana wa Kisauni anayeweza kwenda mara chache tu hana wiki ya kupoteza.

Na huko chini ndiko kugumu. Ngazi ya mwanzo kwa wanaume inaitwa M15, ambako zawadi yote ni dola 15,000, zikigawanywa kwa wachezaji wote. Bingwa hushinda mechi tano, akapata pointi 15 na dola 2,000 na kidogo. Aliyepoteza fainali hupata pointi 8. Wakati huo mtu aliyetolewa raundi ya kwanza Wimbledon, bila kushinda hata mechi moja, hupata pointi 10, na mwaka 2024 alipewa pauni 60,000. Ndiyo sababu wachezaji hupigania nafasi ya 104 kwa jasho na machozi: kati ya wachezaji 128 wa yale mashindano manne, kwa kawaida 104 huingia moja kwa moja kwa orodha, 16 hutoka kwenye mechi za kufuzu na 8 hupewa mwaliko maalum. Orodha inayotumika ni ya wiki sita kabla. Aliye wa 100 siku hiyo ameshapata mshahara wa mwaka; aliye wa 130 anakwenda kucheza mechi tatu za kufuzu.

Kwa Afrika, mashindano ya ngazi hizo za chini yamerundikana Monastir huko Tunisia na Sharm El Sheikh huko Misri, wiki baada ya wiki. Ons Jabeur wa Tunisia alifika nafasi ya 2 duniani mwaka 2022. Kwetu Kenya, Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 mwaka 1995. Angella Okutoyi alishinda ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika yale manne, kisha akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra mwaka 2024. Yeye alichagua pia kuchezea chuo kikuu Marekani, Auburn, njia ambayo nawashauri wazazi waitazame kwa makini kwa kuwa masomo yanalipiwa huku mtoto anacheza.

Kwa hiyo mama aliyeniuliza kama mwanawe wa miaka 12 aanze kutafuta pointi za wakubwa nilimjibu hivi: bado, mamangu. Chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa. Akifika 13 asajiliwe shirikisho la kimataifa na aanze mashindano ya vijana, ambayo yana orodha yake tofauti, na pointi za huko hazihamii kwa wakubwa. Daraja la chini huitwa J30, na Nairobi huyaandaa. Apande treni ya SGR usiku, alale kwa jamaa, acheze wiki nzima. Kabla ya kukata tiketi aangalie tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, kwa sababu hiyo hupita wiki kadhaa kabla ya mechi ya kwanza, na aliyechelewa humsubiri mwenzake ajitoe.