Jelikoti ni nini, na kwa nini boti ya faiba inapauka

Juzi mzee mmoja alinipeleka kuangalia mitumbwi yake ya faiba pale Duluti, Tengeru, ile ya kutembeza wageni ziwani, akaniambia fundi rangi imeisha hii, naomba unipigie mpya. Nikapitisha kiganja ubavuni kikatoka cheupe kama nimeshika chaki. Nikachota maji nikamwagia palepale, na ule wekundu uliokuwa umefifia ukarudi kabisa, mbichi, halafu maji yalivyokauka ukapotea tena. Nikamwambia mzee wangu, hapa rangi haijaisha kwa sababu hapa hakuna rangi iliyopakwa, hii ni jelikoti.

Hilo neno mafundi wanalitaja tu wanapita, na mteja anaitikia bila kuelewa, ndio maana naandika hapa. Jelikoti ni ngozi ya nje kabisa ya kitu cha faiba, ni resini ya poliesta, yani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, iliyochanganywa na rangi mle mle ndani. Gari linatengenezwa bodi kwanza ndio linapigwa rangi juu yake, ila boti ya faiba inatengenezwa kinyume, inaanzia nje kwenda ndani. Kuna moldi, yani kalibu yenye umbo la boti, inapakwa nta ili boti isije ikagandia humo, halafu jelikoti ndio inapulizwa ya kwanza kabisa, ikishashika ndio zinalazwa mati za nyuzi za kioo na resini tabaka juu ya tabaka, mwisho boti inachomolewa ikiwa tayari inang'aa. Yani ule mng'ao ni ulaini wa moldi uliohamia kwenye boti, hakuna mtu aliyeupaka.

Unene wake ni kama nusu milimita, chukua karatasi tano za fotokopi uzibane pamoja ndio hiyo. Inaonekana kidogo lakini ni kama mara kumi ya ile klia, rangi ya juu isiyo na rangi inayong'arisha gari, na ndio maana boti inaweza kusuguliwa ikarudi hali yake hata baada ya miaka mingi.

Sasa kwa nini inapauka. Jua linavunjavunja resini ya juu kabisa, chembe za rangi zinabaki zimelegea hazina kinachozishika, hiyo ndio chaki unayoiona kiganjani, na uso unabaki na vishimo vidogo mno ambavyo jicho halivioni ila mwanga ukigonga pale unatawanyika badala ya kurudi moja kwa moja. Maji yanaijaza ile mishimo ndio maana ukimwagia rangi inarudi. Na sisi wa huku jua letu sio la mchezo, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na ile miale mikali inaongezeka nguvu kwa kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, watu wanadanganywa na baridi ya Julai wanadhani chombo kiko salama kumbe kinachomwa kila siku.

Ni kama ngozi iliyopauka, ukijipaka mafuta unaonekana vizuri. Na kuna watu wanafanya hivyo hivyo kwenye boti, wanaipaka mafuta ya kula au ile dawa ya kung'arisha dashibodi, inawaka siku ya kumwonyesha mnunuzi, wiki mbili baadaye imerudi vile vile na juu yake imeshika vumbi. Ukienda kununua boti hata kama ni ya kuvulia bwawa la Nyumba ya Mungu, ioshe na sabuni ya vyombo kwanza ndio uiangalie.

Kuirudisha kwa ukweli ni kuondoa ile ngozi iliyokufa mpaka ufike penye uzima. Hili ndio naomba lieleweke, kupolishi ni kupunguza, sio kuongeza, kila ukifanya unakula kidogo kwenye ile nusu milimita. Kwa hiyo usianze na msasa kama hapahitajiki. Osha vizuri, vumbi letu la huku lina mchanga wa volkano ukilisugua linachora, halafu jaribu rabingi, ile dawa nzito ya kusugulia yenye chembe, peke yake kwenye kipande kidogo. Mng'ao ukirudi basi achana na msasa. Usiporudi ndio unachukua msasa wa maji, namba 1000, unasugua na maji mengi, kisha 1500, kisha 2000, kila namba inafuta michoro ya iliyotangulia, ndio unakuja na rabingi na mwisho polishi laini. Kitambaa kitatoka na rangi ya boti, mzee aliogopa sana alipoona kile kitambaa chekundu lakini ni kawaida, rangi si iko ndani ya jelikoti yenyewe.

Mashine iende taratibu na isikae sehemu moja maana joto linaunguza, fanyia kivulini, eneo kama la mkeka mdogo kwa wakati mmoja, na kwenye kingo tumia mkono tu. Kwenye kona jelikoti huwa nyembamba na hapo ndipo mafundi wengi wanatoboa. Barakoa pia, ile unga usiivute.

Nta inakuja mwisho na kazi yake ni kulinda. Ukipaka nta juu ya chaki umefungia uchafu ndani. Kwa jua la hapa mimi ningeirudia kila miezi mitatu, na chombo kikilala kifunikwe turubai huku hewa ikipita chini.

Mtumbwi mmoja wa mzee haukuponea kwa njia hiyo. Pale puani unapoburutwa kwenye mawe, nilipomwagia maji rangi haikurudi, zikaonekana nyuzi za kioo, maana yake jelikoti imekwisha na maji yanaingia kwenye faiba. Hapo polishi haina kazi, inatakiwa jelikoti mpya iliyochanganywa na hadina kidogo, ile dawa ya kuigandisha, asilimia 1 mpaka 2, miwani machoni maana ile hadina inaweza kukupofusha. Na ukishapaka funika na nailoni laini bila kuacha mapovu, kwa sababu jelikoti ya kawaida ikikutana na hewa uso wake unabaki unanata, haukauki. Ikishakauka ndio unabandua nailoni, unasawazisha na msasa, unakuja mpaka 2000 na polishi kama kwingine. Huo wa puani tumeuacha juu ya magogo chini ya mti, mitumbwi mingine imeshashuka majini.