Panya wa Friza: Maana ya Kumlisha Nyoka Windo Lililogandishwa

Kumlisha nyoka windo lililogandishwa ni kumpa panya, kifaranga au mnyama mwingine mdogo aliyeuawa mapema, akahifadhiwa kwenye friza, kisha akayeyushwa na kupashwa joto siku ya kuliwa. Kwa kuwa mara nyingi mnyama huyo ni panya, hapa nitamwita panya wa friza. Ndani ya dhana hii kuna kazi tatu: kugandisha, kuyeyusha na kupasha joto. Wafugaji wapya huchanganya hizo mbili za mwisho, wakidhani barafu ikishaisha basi chakula kiko tayari. Nyoka akikataa kula, au akila na kutapika siku mbili baadaye, mara nyingi tatizo lilianzia hapo.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kwa nini tusimpe panya aliye hai, kama anavyokula porini. Porini nyoka huchagua mwenyewe saa ya kuwinda, na panya ana pa kukimbilia. Kwenye tangi la kioo hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Nyoka asiye na njaa, au anayekaribia kujivua gamba, hujikunja pembeni na kutulia. Panya naye hatulii. Akikaa humo usiku kucha bila chakula, huanza kumtafuna nyoka mgongoni, mkiani, hata machoni, na nyoka wengi hawajitetei. Vidonda vya namna hiyo huweza kufika mfupani, na nyoka wengine hufa. Panya mwenyewe pia ni kiumbe chenye hofu na maumivu. Kumwacha saa nzima mbele ya nyoka ni ukatili usio na sababu. Wale wanaouzwa wakiwa wamegandishwa kwa kawaida huuawa kwa gesi ya kaboni dioksidi kabla ya kuingizwa kwenye friza. Kwangu mimi hoja hizi mbili zinatosha, hata bila kutaja urahisi wa kuwa na akiba ya miezi kadhaa ndani ya friza.

Kugandisha kunasaidia, lakini kusitafsiriwe vibaya. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ikidumu kwa wiki kadhaa, huua viroboto, utitiri na minyoo mingi. Bakteria haiwaui wote. Salmonela hukaa imelala kwenye barafu na kuamka joto likirudi. Uingereza na Marekani kumewahi kutokea milipuko ya ugonjwa kwa watu iliyohusishwa na panya wa friza wa kulishia nyoka. Kwa hiyo panya hawa wawe na chombo chao cha kuyeyushia, wasigusane na chakula cha watu, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Sumu nayo haiondolewi na baridi. Panya aliyenaswa nyumbani au shambani anaweza kuwa amekula sumu ya panya siku chache kabla, na ukimgandisha umeihifadhi sumu hiyo pamoja naye. Panya wa kulisha nyoka atoke kwa mtu anayewafuga kwa kazi hiyo.

Friza nayo ina muda wake. Mafuta ya mwilini huchacha polepole na vitamini E hupungua, ndiyo maana ni vizuri kumaliza akiba ndani ya miezi sita hivi. Panya aliyekauka ngozi na kugeuka rangi ya njano atupwe.

Sasa kuyeyusha. Njia salama ni kumtoa panya kwenye friza jioni, kumtia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na kumweka chini kabisa kwenye friji hadi siku ya pili. Mfuko una maana kubwa: panya akilowa kwenye maji hupoteza sehemu ya harufu yake, na maji hayo husambaza bakteria kila yanapodondoka. Panya wadogo ambao hawajaota manyoya hulainika ndani ya saa chache, lakini panya mkubwa huhitaji usiku mzima, wakati mwingine zaidi. Usimwache mezani mchana kutwa kwenye joto, kwa sababu ngozi huanza kuoza wakati tumbo bado ni barafu. Kipimo ni vidole: bonyeza tumbo na kifua. Ukihisi kitu kigumu ndani, bado. Windo lenye kiini cha barafu humpoza nyoka kutoka ndani, na nyoka hutegemea joto la nje ili tumbo lake lifanye kazi.

Kupasha joto ni kazi ya dakika za mwisho. Mfuko uleule hutumbukizwa kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, dakika kumi au kumi na tano kwa panya mdogo, hadi ngozi ifikie nyuzi 38 hadi 40 hivi. Maji yanayochemka hayafai: huanza kupika ngozi, na tumbo hupasuka nyoka anapobana. Maikrowevu ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hupika sehemu moja na kuacha nyingine baridi, na sehemu iliyopikwa inaweza kumuunguza nyoka kooni.

Kwa nini joto hilo lote kwa mnyama aliyekwisha kufa? Jibu liko usoni mwa nyoka. Chatu wengi na baadhi ya boa (nyoka wanaobana windo kama chatu) wana vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi miale ya joto. Nyoka wenye sumu wa kundi la rattlesnake, yule wa Amerika mwenye njuga mkiani, wanacho kimoja kila upande, kati ya jicho na pua. Gizani, vishimo hivyo humwonyesha umbo la kitu chenye joto mbele yake. Panya wa nyuzi 20 kwenye tangi la nyuzi 28 haonekani kuwa chakula, anaonekana kama jiwe. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hukipasha kichwa cha panya kidogo zaidi mwishoni, ili nyoka arukie kichwa na kuanza kumeza upande huo. Nyoka asiye na vishimo, kama Pantherophis guttatus wa Marekani anayefugwa sana, hutegemea zaidi harufu anayoichota kwa ulimi, lakini naye hupokea vizuri zaidi panya wa vuguvugu kwa sababu joto huikoleza harufu hiyo.

Mwaka 2012 watafiti wa Dickinson College huko Pennsylvania waliwapa boa panya waliokufa na kupashwa joto, wengine wakiwa wamewekewa moyo bandia unaopiga. Boa walibana kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi pale moyo ulipopiga. Panya asiye na mapigo walimwachia mapema. Hili linaeleza jambo unaloliona nyumbani: nyoka anamrukia panya wa friza, anamviringa, kisha anamlegeza baada ya muda mfupi na kuanza kutafuta kichwa. Hajakataa. Mwache.

Mpe kwa kibano kirefu, si kwa vidole, maana mkono nao una joto. Shika panya kiunoni, kichwa kikimwelekea nyoka, mtikise kidogo, kisha usubiri. Unene wa panya ulingane na sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Aliyezoea panya hai anaweza kugoma mwanzoni. Mpe panya aliyeuawa muda huohuo kwanza, halafu uhamie kwa wa friza. Akikataa, mwache panya ndani usiku mmoja gizani. Asubuhi atupwe, asirudishwe kwenye friza. Nyoka ambaye macho yamefunga ukungu kabla ya kujivua gamba mara nyingi hatakula, na hana tatizo.

Wanaofuga nyoka wanaokula samaki wana mtego wao. Samaki wa aina fulani wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na baridi haikizuii. Nyoka anayelishwa samaki hao pekee huanza kutetemeka na kupoteza mwelekeo. Panya aliyeyeyushwa hana shida hiyo, kwa hiyo wengi huchanganya vyakula hivyo viwili.

Baada ya kumeza, usimshike nyoka kwa siku mbili angalau, na hakikisha upande wenye joto wa tangi unafanya kazi. Akitapika, usimpe kingine kesho yake. Tumbo na koo huhitaji kama wiki mbili kupona, na mlo wa kwanza baada ya hapo uwe nusu ya ule wa kawaida. Akitapika tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka.