Namba yako ya simu shilingi ngapi?

Kwenye mafunzo ninayoendesha, Unguja na Pemba, huwa nauliza swali moja kwa njia mbili. Kundi moja naliuliza: ungelipa kiasi gani kwa mwezi ili kampuni za mtandaoni zisichukue taarifa zako? La pili: wakulipe kiasi gani ili uwaruhusu wachukue? Ukisikiliza majibu utadhani watu hawa hawaishi kisiwa kimoja. Wale wa kwanza wanataja bei ya vocha, wengine wanacheka tu. Wa pili wanataja bei ya kiwanja.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2019 Angela Winegar na Cass Sunstein walichapisha utafiti walioufanya Marekani. Jibu la katikati lilikuwa dola 5 kwa mwezi kwa mtu kulinda faragha yake, na dola 80 kwa kuiachia. Faragha ile ile, tofauti mara 16.

Utasema hayo ni maneno ya mdomoni. Sawa, ndiyo maana mimi nauamini zaidi utafiti wa Alessandro Acquisti na wenzake wa 2013, kwa sababu wao waliwatia watu kitu mkononi. Waliwasimamisha wanunuzi madukani wakawapa kadi za zawadi za aina mbili: ya dola 10 ambayo haimtambulishi mtu, na ya dola 12 ambayo manunuzi yake yangefungamanishwa na jina la mwenyewe. Waliokabidhiwa ya dola 10 kisha wakaambiwa wanaweza kubadilisha, zaidi kidogo ya nusu waliing'ang'ania. Waliokabidhiwa ya dola 12, waliokubali kupoteza dola 2 ili wafiche jina lao hawakufika hata mmoja katika kumi. Kadi ni zile zile. Kilichoamua ni ipi ilikuwa mkononi mwanzo. Sasa fungua simu yako uangalie: programu nyingi zinakuja na mipangilio ya kukusanya taarifa ikiwa imeshawashwa. Yaani sote tumekabidhiwa ile ya dola 12.

Mnunuzi naye ana hesabu zake. Robo ya mwisho ya 2023, Facebook iliingiza zaidi ya dola 68 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwa kundi wanaloliita nchi nyengine za dunia, ambalo sisi tumo, ni chini ya dola 6. Hiyo ni bei ya matangazo yanayouzwa kwa ajili ya macho yetu, haina uhusiano wowote na uzito wa siri zetu. Mkulima wa karafuu wa Pemba anaweza kulalamikia bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, lakini angalau anatangaziwa kabla hajapeleka gunia kituoni. Huku hakuna anayetangaza kitu.

Lakini kuna jambo ambalo tafiti hizi hazikunifundisha, nimelipata Wete. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, namba yangu chukua bure, hata tarehe ya kuzaliwa. Hao wa Ulaya wataifanyia nini? Lakini jirani akijua nadaiwa, hapo nitajie bei wewe, mimi siijui."

Watu wengi hapa hawapimi taarifa yenyewe, wanampima atakayeisoma. Kampuni ya mbali ni kama haipo. Mtu wa mtaani, wifi, mwalimu wa madrasa, hao ndio wanaopandisha bei. Naona ndicho kilichowapanga watu foleni Nairobi mwaka 2023 kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, mradi wa kuwatambua watu kwa macho yao, ili wapewe sarafu za mtandaoni zilizokaribia shilingi 7,000 za Kenya, mpaka serikali ikasimamisha zoezi. Hakuna jirani anayesoma mboni.

Wenye programu za mikopo ya haraka wameielewa hesabu hii kuliko sisi wachumi. Unataka shilingi 50,000 usiku wa manane, hawakuulizi hati ya nyumba wala mdhamini. Wanaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako. Unabonyeza "Ruhusu" kwa sababu wakati ule msomaji ni mashine. Ukichelewesha rejesho, msomaji anabadilika: shemeji yako anapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Rehani ilikuwa aibu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Na tuseme kweli, yale majina hayakuwa yako peke yako kuyaweka rehani. Shemeji hakukopa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inafika Zanzibar pia isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Inakupa haki ya kujua nani ana taarifa zako, kukataa zisitumiwe kukutangazia biashara, na kudai fidia ukidhurika. Bei haitaji popote. Inahesabu madhara yakishatokea. Kwa hiyo shemeji naye anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa jina lake, ijapokuwa mkopo haukuwa wake.