Wakaren na vita vya msituni nchini Burma, 1942–1945

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Burma, ambayo leo ni Myanmar, kupitia simulizi za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944 na kufika Kalewa mwezi Desemba. Mamia ya kilomita kusini-mashariki mwa hapo, katika milima iliyo kati ya mito Sittang na Salween, palikuwa na vita visivyo na mstari wa mbele, na wapiganaji wake wengi walikuwa wakulima wa jamii ya Wakaren, mojawapo ya makabila madogo ya Burma.

Wakaren wengi walikuwa wametumikia jeshi la kikoloni, na Waingereza waliposhindwa na Wajapani mwaka 1942 baadhi yao walirudi vijijini na bunduki zao. Mwaka huohuo, katika wilaya ya Myaungmya, wanamgambo wa Kiburma walioshirikiana na Wajapani waliwaua raia wengi wa Kikaren. Kwa maoni yangu, mauaji hayo yanaeleza msimamo wa Wakaren wa kuwaunga mkono Waingereza vizuri zaidi kuliko hadithi ya utiifu wao kwa mfalme wa Uingereza, ambayo maofisa wa Kiingereza walipenda kuisimulia.

Meja Hugh Seagrim, ofisa wa Kiingereza, alibaki milimani jeshi lake lilipokimbilia India. Alivaa mavazi ya Kikaren, akala walichokula wenyeji, na wanakijiji wakamficha kwa karibu miaka miwili. Wajapani walipogundua kuwapo kwake walianza kukamata na kutesa watu kijiji baada ya kijiji, hadi Machi 1944 alipojisalimisha ili mateso hayo yakome. Aliuawa Rangoon, mji mkuu wa wakati huo, mwezi Septemba pamoja na Wakaren saba, ambao wanastahili kukumbukwa sawa naye.

Mapema mwaka 1945, Force 136, tawi la idara ya Uingereza ya vita vya siri, lilianza kudondosha maofisa, redio na silaha kwa miavuli katika milima hiyo, katika operesheni iliyoitwa Character. Maelfu ya Wakaren walijitokeza. Kazi yao kubwa ilikuja Aprili, wakati Jenerali Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza, aliposhuka na jeshi lake kuelekea Toungoo, mji wenye viwanja vya ndege vilivyohitajika kwa shambulio la Rangoon, huku Divisheni ya 15 ya Japani ikikimbilia mji huohuo kupitia barabara ya Mawchi.

Barabara hiyo ilipita kwenye miteremko yenye msitu mzito. Wapiganaji walivunja madaraja, wakaangusha miti njiani, na msafara wa adui uliposimama kuiondoa waliufyatulia risasi kutoka juu na kutoweka kabla haujajipanga kujibu. Hawakuwa na nguvu za kuiangamiza divisheni nzima, wala hawakuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu kilichotakiwa ni kuichelewesha kwa siku chache tu. Toungoo ilitekwa tarehe 22 Aprili kabla Wajapani hawajafika, na Rangoon ikaingiwa mwanzoni mwa Mei.

Katika mkutano wa Panglong wa Februari 1947, uliojadili mustakabali wa nchi, Wakaren walikuwa watazamaji tu. Burma ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948 bila jimbo walilolidai, na mwisho wa Januari 1949 mapigano kati yao na serikali yalizuka Insein, karibu na Rangoon.