Udongo wa kiwanda cha zamani haumalizwi na kijiko na maroli

Watu wakishapata eneo ambalo zamani lilikuwa kiwanda, swali lao ni lile lile, si tulete tu mtambo wa kuchimba, kijiko, tukwangue udongo wa juu, maroli yabebe, tujaze kifusi kipya tuanze kujenga? Na mimi nauliza, mnaupeleka wapi? Maana ukiutoa udongo wenye sumu hapa ukaumwaga kule hujasafisha kitu, umeuhamisha tu, na huko ulikoumwaga nako kuna watu na kuna visima.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye historia ya eneo, kijiko baadaye sana. Nataka nijue hapo palikuwa panatengenezwa nini, miaka gani, tenki la mafuta lilikaa wapi, majitaka yalitokea upande gani, na kwa hili wazee waliofanya kazi pale wanajua kuliko ramani yoyote, mtafute mlinzi wa zamani au fundi wa karakana, atakuonyesha ukuta ambao nyuma yake walikuwa wanamwaga oili chafu. Kila kiwanda kina uchafu wake. Cha ngozi natafuta metali ya kromiamu, cha betri natafuta metali ya risasi, palipotiwa dawa nguzo za mbao natafuta sumu ya aseniki, kromiamu na shaba, halafu vile viwanda vya zamani vilivyotoa gesi kwenye makaa ya mawe viliacha lami nzito na sumu ya sainaidi, na hiyo sainaidi wakati mwingine unaiona kwa macho, udongo umekuwa buluu kali kabisa, rangi ambayo huitegemei ardhini.

Baada ya hapo ndio tunachoronga na kuchukua sampuli, na hapa ndipo watu wanabana matumizi pasipotakiwa. Uchafu haukai pale ulipomwagika. Unafuata njia rahisi, na mara nyingi njia rahisi ni mtaro wa bomba la zamani kwa sababu ulifukiwa kwa mchanga laini, kwa hiyo unaweza kukuta palipokuwa na tenki pana nafuu halafu mbali kidogo ukikata ukuta wa shimo unaona mstari mweusi unaong'aa, upana wa kiganja, umekaa pale pale bomba lilipopita. Sampuli za kuokoteza hapa na pale zitaukosa mstari huo na ripoti itaandika eneo ni salama.

Kitu kingine kinachoniuma ni sampuli kutiwa kwenye mfuko wa nailoni na kuachwa juani. Kama unatafuta benzini, ile kemikali iliyomo kwenye petroli, au viyeyushi, yaani kemikali za kuyeyushia grisi na rangi, vinapaa hewani, ukifika maabara umebaki na udongo mtupu na majibu yanatoka mazuri kumbe hali ni mbaya. Udongo wa namna hiyo unaingia kwenye kichupa palepale ulipotoka, kifuniko kinakazwa, unawekwa kwenye barafu. Na tafadhali msimwambie kijana anuse udongo ajue kama una petroli, benzini inaleta saratani ya damu.

Sasa kusafisha kwenyewe. Dizeli na mafuta mengine mepesi, bakteria wanayala, na bakteria hao tayari wamo ardhini, wanachokosa ni hewa na virutubisho, kwa hiyo tunauchimba udongo tunaupanga matuta juu ya plastiki nzito, tunaweka mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, tunamwagia maji uwe na unyevu bila kutota, na tunaupindua mara kwa mara. Inachukua miezi, lazima uwe na subira, lakini mwisho udongo unarudi shimoni. Lami ya makaa ni ngumu zaidi, molekuli zake ni kubwa na bakteria wanahangaika nazo sana.

Vinavyoninyima usingizi ni viyeyushi vya kutolea grisi kwenye vyuma, kama trikloroetilini. Petroli ikifika kwenye maji ya ardhini inaelea, ila hii ni nzito kuliko maji, inazama mpaka ikutane na udongo wa mfinyanzi au mwamba na hapo inakaa miaka na miaka ikiyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji ambayo watu wanayachota. Kukwangua juu hakusaidii chochote. Tunaingiza chini permanganeti, kemikali ya kuivunjavunja, au chembe za chuma, au tunawalisha bakteria wasiotaka oksijeni wang'oe chembe za klorini moja moja kwenye kiyeyushi hicho, lakini hapo upime mpaka mwisho kabisa maana wakiishia njiani wanakuachia vinili kloraidi, ambayo ni hatari kuliko ulichoanza nacho.

Metali ni habari nyingine kwa sababu haziozi. Risasi huwezi kuichoma ikaisha wala hakuna bakteria wa kuila, kwa hiyo unaitoa, unaifunga kwa saruji au fosfeti isiyeyuke, au unaifunika. Kuosha udongo nako kunawezekana, maana sumu nyingi imeshika kwenye chembe ndogo za udongo wa mfinyanzi, ukitenga mchanga na kokoto unabaki na tope kidogo lenye sumu nyingi. London walipoandaa eneo la Olimpiki ya 2012 juu ya ardhi ya viwanda vya zamani, mitambo ya kuosha ilifungwa hapo hapo na udongo mwingi ukatumika tena. Dayoksini, ile sumu iliyokuwa ndani ya dawa ya kuua majani ya wakati wa vita vya Vietnam, ndio inataka moto, uwanja wa ndege wa Da Nang kule Vietnam udongo ulipashwa zaidi ya digrii 300 kwenye jengo la zege, kazi ikaisha 2018, na gharama ya moto wa namna hiyo si mchezo.

Kuhusu risasi, EPA, yaani mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa miaka mingi ilitumia kiwango cha miligramu 400 kwa kilo ya udongo wa makazi, Januari 2024 ikashusha hadi 200, yaani moja ya tano ya gramu ndani ya kilo nzima, huwezi kuiona wala kuinusa. Anayeumia ni mtoto anayecheza chini halafu anaweka mkono mdomoni. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua watoto zaidi ya 400, na madaktari walisubiri nyumba zisafishwe kwanza ndio waanze dawa ya kutoa risasi mwilini, maana mtoto akitibiwa akarudi kwenye vumbi lile lile ni kazi bure. Ndio maana nakuwa mkali sana kuhusu vumbi wakati wa kuchimba, maji yanyunyizwe muda wote, maroli yafunikwe turubai na matairi yaoshwe getini, wafanyakazi waoge na kubadili nguo kabla ya kwenda kwa watoto wao.

Shimo nalo halifukiwi mpaka sampuli za sakafu na kuta zake zirudi maabara zikiwa sawa, hata mkandarasi akilalamika kijiko kinalipiwa kwa saa. Visima vya kupimia maji vinaendelea kupimwa miaka kadhaa baada ya hapo. Na kama kuna sumu imeachwa chini imefunikwa, iandikwe kwenye hati ya kiwanja, ni nini na iko kina gani, kwa sababu atakayekuja kuchimba kisima hapo miaka 20 mbele hatakuwa na wa kumuuliza.