Bajeti ya nyumbani kwa asiyependa bajeti: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bajeti ni kuandika kila shilingi inayotoka

Hii ndiyo inayowafukuza wengi. Daftari hununuliwa mwisho wa mwezi, nyanya na vocha zikaandikwa siku nne tano, kisha likasahaulika juu ya kabati. Ukweli ni kwamba nyumba yenye mshahara inaweza kwenda vizuri kwa namba moja tu: kiasi cha kutumia kwa wiki.

Namba hiyo hupatikana hivi. Chukua kinachofika mkononi baada ya makato yote, tuseme shilingi 800,000. Ondoa yale yasiyokwepeka: kodi ya nyumba 150,000, ada 50,000, umeme na maji 45,000, gesi 30,000, wazazi kijijini 35,000, kikoba 40,000, michango 30,000. Jumla 380,000. Zinabaki 420,000 za chakula, nauli, sabuni, vocha na hela ya watoto ya kula shuleni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hugawanya kwa nne na kupata 105,000 kwa wiki, lakini wiki nne ni siku 28 na mwezi kwa kawaida una 30 au 31. Zile siku mbili tatu za mwisho ndizo nyumba inakopa dukani, na deni hilo huanza kula mshahara mpya. Gawa kwa siku: 420,000 kwa 30 ni 14,000, yaani 98,000 kwa wiki, na 28,000 za siku mbili za mwisho zinakuwa zipo.

Ndani ya hiyo 98,000 hakuna cha kuandika. Wiki hii nyama mara mbili, wiki ijayo dagaa na kisamvu, ni uamuzi wa jikoni. Anza wiki Jumatatu. Ukianza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinakuta hela mbichi, na kufikia Jumanne unatafuta wa kukukopesha.

Na hela hiyo ikabidhiwe yote kwa pamoja kwa anayenunua na kupika, badala ya kuachiwa elfu kumi mezani kila asubuhi. Anayepewa hela ya siku moja hana namna ila kununua kipimo cha mafuta, robo ya sukari, fungu la mkaa. Atalipia bei ya juu kuliko yote, kisha alaumiwe kwamba hajui kubana matumizi.

Dhana: Dharura ndizo zinazoharibu bajeti

Ziandike dharura zako za mwaka uliopita uzitazame. Nyingi zilikuwa na tarehe. Kodi ya miezi sita inajulikana tangu siku ulipolipa ile iliyopita. Ada ya Januari inajulikana. Sare na viatu vinajulikana. Ramadhani inajulikana pia, ila kwa kalenda ya kawaida huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo anayejipanga kwa kukumbuka mwezi wa mwaka jana hujikuta amechelewa.

Vitu hivi havihitaji akili nyingi, vinahitaji kugawanywa. Kodi ya 150,000 kwa mwezi, ukidaiwa kwa mkupuo wa miezi sita, ni 900,000. Hakuna mshahara wa 800,000 utakaobeba hiyo siku moja, lakini 150,000 kila mwezi inabebeka. Ada ya 600,000 kwa mwaka, inayolipwa nusu Januari na nusu Julai, ni 50,000 kila mwezi. Kosa hutokea mwaka wa kwanza: mtu anaanza Oktoba na bado anagawa kwa 12. Gawa kwa miezi iliyobaki. Kuanzia Oktoba hadi Desemba una miezi mitatu ya kupata 300,000, yaani 100,000 kila mwezi. Baada ya Januari ndipo ushuke kwenye 50,000.

Hela hii isilale pamoja na hela ya kula. Akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni inafaa, laini ya pili ya simu inafaa, kibubu kinafaa kwa kiasi kidogo. Ihamishe yote kwa mara moja, siku ya mshahara, maana uhamisho mara nyingi una makato yake.

Gesi ndiyo yenye kutatanisha, kwa kuwa haifuati mwezi. Siku unapofunga mtungi mpya, andika tarehe kwa kalamu ya maka ubavuni mwa mtungi wenyewe au kwenye kipande cha plasta. Mtungi wa kilo 6 ulioununua 24,000 ukikaa siku 24, unapika kwa 1,000 kwa siku, na fungu la mwezi ni 30,000. Pima mitungi miwili kabla ya kuiamini hesabu. Mwezi wa wageni au wa maharage mengi hudanganya.

Dhana: Kununua jumla ni nafuu siku zote

Ni nafuu kwa mchele, maharage na sabuni ya mche. Sabuni hata hufaidika: ukiikata na kuiacha ikauke kabla ya kuitumia, inakuwa ngumu na kuisha polepole. Unga wa dona hauvumilii. Kiini cha mahindi kimesagwa humo humo, mafuta yake huchacha, na unga unaanza uchungu. Afadhali uweke mahindi makavu na kusaga kidogo kidogo.

Sukari na mafuta vina tatizo jingine: dumu likijaa, mkono unakuwa mwepesi. Dumu la lita 5 likifika, limimine kwenye chupa tano za lita moja na utoe moja tu jikoni. Chupa iliyo karibu kuisha humkumbusha mpishi bila mtu kusema neno.

Lakini kosa kubwa la kununua jumla ni la hesabu. Ukinunua mchele na maharage ya mwezi kwa 120,000 kutoka kwenye zile 420,000, zimebaki 300,000, na namba yako sasa ni 10,000 kwa siku, 70,000 kwa wiki. Nyumba nyingi hununua gunia kisha huendelea kutumia 98,000 zile zile. Mwisho wa mwezi mchele upo, hela ya mboga hakuna.

Dhana: Bajeti ni ya wenye mshahara

Mwenye kipato cha kila siku anaihitaji zaidi, ila hesabu yake ni ya jioni. Dereva wa bodaboda aliyekusanya 32,000, akatoa hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, 10,000, mafuta 9,000 na matengenezo 2,000, amepata 11,000. Hiyo ndiyo ya nyumba, siyo 32,000. Akitenga 3,000 ya kodi kabla hajafika sokoni, kwa siku 26 za kazi ana 78,000. Fungu la matengenezo ndilo huliwa kwanza kwa kuwa pikipiki inatembea tu leo. Oili isipobadilishwa, injini italidai kwa mkupuo.

Kwa mama ntilie kanuni ni moja: mtaji wa kesho hutoka kabla ya chochote. Namba ya matumizi ipangwe kwa mwezi mbaya kuliko yote kati ya mitatu iliyopita, na ziada ya siku nzuri ibebe siku za mvua.

Dhana: Ukivuruga wiki moja, mwezi umeshaharibika

Gawa upya, basi. Tuseme kufikia tarehe 12 ulipaswa kuwa umetumia 168,000, lakini zimeshaondoka 222,000. Zimebaki 198,000 kwa siku 18, sawa na 11,000 kwa siku. Ni kubana, ila inabebeka. Kinachoua mwezi ni kuendelea na namba ya zamani.

Dhana: Michango haipangiki

Huwezi kujua harusi ya nani, lakini unaweza kujua kikomo chako. Fungu la 30,000 likiisha, ahidi kwa fungu la mwezi ujao na lipa kwa awamu. Kamati nyingi hupokea hivyo. Msiba upewe nafasi kuliko sherehe, na fungu lisilotumika libaki humo humo hadi mwezi unaofuata.

Dhana: Mkopo mdogo wa simu ni msaada wa kufika mwisho wa mwezi

Makato yake yanaonekana madogo kwa sababu mkopo wenyewe ni mdogo. Huduma kama Fuliza ya Kenya hujilipa pindi hela inapoingia kwenye simu, kabla hujanunua hata mkate, hivyo mwezi mpya unaanza na pengo na pengo hilo huita mkopo mwingine. Mikopo kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ni mibaya zaidi. Aliyekwisha kuingia aliweke deni kwenye orodha ya yasiyokwepeka, pamoja na kodi na ada, na ashushe namba ya wiki hadi liishe.